Je, Muhuri wa Karakana Una Thamani ya Ng'ombe Wawili?

Swali hili si langu. Limeletwa na akina mama wanane wa upande wa Tarasaa, ambao kwa muda wa miaka minne wamekuwa wakitia akiba katika chama chao, kila juma kidogo kidogo, ili wanunue gari la kupelekea maembe na samaki Malindi, waepukane na kumlipa mwenye gari kila safari. Fedha zimetimia, alhamdulillahi. Wameonyeshwa magari mawili, yote ni Toyota Probox ya umri unaokaribiana. La kwanza liko katika yadi moja Mombasa, na lina kijitabu chenye mihuri ya karakana ya wakala wa kampuni. La pili ni la mwalimu mmoja wa hapa Garsen. Halina kijitabu, lina bahasha ya risiti za fundi wa Malindi. La Mombasa limezidi bei kwa kiasi cha ng'ombe wawili wazuri. Wakaniuliza, "Shehe, muhuri ule una thamani ya ng'ombe wawili?"

Nililichukua swali hilo kwa uzito kuliko walivyotarajia. Katika nyumba zetu gari huhesabiwa kuwa jambo la wanaume, ilhali mara nyingi fedha za kulinunua zimetoka katika dhahabu ya mama, au mbuzi wake, au zamu yake katika chama. Anayetoa fedha ana haki ya kuuliza. Mwanamke aliyebaleghe, mwenye busara ya mali, hujiuzia na kujinunulia mwenyewe katika sharia yetu, na Bibi Khadija, radhi za Allah zimshukie, alikuwa akipeleka bidhaa zake Sham akijua amezikabidhi mkononi mwa nani na kwa makubaliano gani.

Kabla ya kusema juu ya bei, tutazame kwanza muhuri wenyewe unatuambia nini. Muhuri wa karakana ni ushahidi. Unashuhudia kwamba tarehe fulani, mita ikisoma kilomita kadhaa, gari hili liliingia mahali fulani na likafanyiwa kazi fulani. Muhuri mmoja peke yake hauna uzito mkubwa. Uzito umo katika mfuatano: kilomita 40,000, kisha 50,000, kisha 61,000, tarehe zikipanda pamoja na kilomita bila pengo. Mfuatano wa namna hiyo ni vigumu kuughushi, na ukiwepo, mwenye hila hawezi kuirudisha nyuma mita ya gari na kulifanya la makamo lionekane kijana.

Karakana ya wakala ina fadhila zake, nami sizikatai. Hutia oili inayotakiwa na vipuri vilivyokusudiwa, na huhifadhi kumbukumbu, kiasi kwamba kijitabu kikipotea bado yaweza kuulizwa. Tena ndiyo inayojua iwapo kampuni imeyaita magari ya aina fulani ili yarekebishwe kasoro ya kiwandani. Jambo hili la mwisho wengi hawalijui. Ile mifuko ya hewa ya Takata, iliyotiwa katika magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengineyo, iliitwa irudishwe kwa mamilioni ulimwenguni, kwa kuwa chombo chake cha kupulizia huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu kuanzia Kipini hadi Vanga. Gari lililotoka Japani likiwa limetumika huenda lilibadilishwa mfuko huo kule, na huenda halikubadilishwa. Mwenye gari la namna hiyo na apeleke namba ya chesisi kwa wakala wa kampuni husika amuulize.

Lakini tukumbuke magari yetu yanatoka wapi. Mengi tunayoyaona barabarani, Probox, Noah, Vitz, Axio, hayakununuliwa mapya katika nchi hii. Yameshuka katika bandari ya Mombasa yakiwa yametumika Japani, na kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Likifika Garsen huwa limeshapita mikono miwili au mitatu ya hapa nchini. Basi "historia ya wakala" ya gari kama hilo, ikiwepo, mara nyingi ni historia ya Japani.

Ndivyo kilivyokuwa kijitabu cha yadi ya Mombasa. Akina mama walikipiga picha, wakaniletea. Mihuri mizuri, mekundu yake hayajafifia, na maandishi yote ni ya Kijapani. Nikawaomba watazame tarehe. Muhuri wa mwisho ulipigwa mwaka ambao gari lilipandishwa melini, na tangu hapo gari limetembea Kenya miaka mitano. Katika miaka hiyo mitano hamna hata mstari mmoja.

Sisi tuliosoma katika madrasa tumezoea kuuliza sanadi: nani amepokea kwa nani, na je, mlolongo umeunganika? Mpokezi wa kwanza anaweza kuwa mwaminifu asiye na doa, lakini mlolongo ukikatika katikati, habari hudhoofika. Mihuri ile ya Japani ni mpokezi mwaminifu aliyeishia bandarini. Haituambii nani alitia oili baada ya hapo, wala kama alitia.

Si kwamba karatasi za Japani hazina faida. Zina faida kubwa kwa jambo moja, nalo ni kilomita. Magari ya watu binafsi kule hulazimika kupita ukaguzi wa serikali, mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na mita husomwa na kuandikwa. Gari likiuzwa mnadani hupewa karatasi ya daraja lake na kasoro zake. Kisha kabla ya kupakiwa kuja kwetu hukaguliwa tena na kampuni iliyopewa kazi hiyo na KEBS, nayo hutoa cheti. Asili za karatasi hizi hubakia kwa walioliingiza gari na kwa maafisa wa forodha, lakini nakala hupatikana kwa mwenye yadi au kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu akiomba kwa msisitizo. Cheti kikisema gari lilitoka Japani na kilomita 118,000, na leo mita inasoma 92,000, hamna haja ya kumwita fundi.

Turudi kwetu. Wakala wa Toyota aliye karibu nasi yuko Mombasa, takriban kilomita 230 kutoka Garsen. Ni nani hapa anayepeleka Probox masafa hayo ili ibadilishwe oili? Kwa hiyo kukosa muhuri wa wakala si aibu kwa gari la Garsen. Ni hali ya mahali. Gari letu hutazamwa na fundi wa Minjila, au wa Malindi, na fundi huyo akiwa mwangalifu, bahasha yake ya risiti ina thamani kama kijitabu. Nathubutu kusema ina thamani zaidi, kwa sababu inahusu miaka ambayo gari limeteswa na vumbi letu na joto letu, na kwa sababu fundi yupo, ana jina, ana simu, waweza kumkalisha ukamuuliza. Katika vumbi la njia za ndani ya delta, chujio la hewa huziba mapema kuliko kitabu cha kampuni kinavyosema, na oili ya kawaida isiachwe kupita kilomita 5,000. Tazama pia kama risiti zinataja maji maalumu ya rediata. Wengi wetu hujaza maji ya kisima, na maji yetu yana chumvi. Rediata huoza kutoka ndani huku nje inang'aa.

Kuna gari moja, hata hivyo, ambalo nalitoa katika hukumu hii. Ni Land Cruiser zile za kazi, zilizonunuliwa mpya na serikali au mashirika ya misaada, ambazo baada ya miaka huuzwa kwa mnada na kuangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa Hola, Bura na Garsen. Hayo yaliishi maisha yake yote Kenya, na mengi yalipelekwa kwa wakala kwa ratiba. Hapo kumbukumbu za wakala zipo kweli, na kutoziomba ni uzembe. Injini ya dizeli ya 1HZ iliyomo katika mengi ya magari hayo hutumia mkanda wa taimingi, ambao inashauriwa ubadilishwe takriban kila kilomita 100,000. Mkanda hauonekani ukifungua boneti, wala haulii kabla ya kukatika. Ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu, na injini nzima hufunguliwa. Mstari mmoja katika kumbukumbu, "mkanda umebadilishwa, kilomita kadhaa," unaweza kuwa na thamani ya ng'ombe zaidi ya wawili. Probox nyingi za petroli hazina tatizo hilo, kwani injini yake hutumia mnyororo.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo muhuri wa Japani hauwezi kulijua kabisa, na ambalo kwetu sisi linatangulia mengine yote. Nalo ni maji.

Mto Tana ni neema yetu na mtihani wetu. Wazee wanaihesabu El Niño ya 1997 na 1998. Vijana wanaikumbuka 2018. Mwezi wa Novemba 2023 maji yaliifunika barabara ya kwenda Lamu upande wa Gamba, abiria wakavushwa kwa mashua, na mto ukafurika tena Aprili na Mei 2024. Katika siku kama hizo magari huzama. Mengine hukwama barabarani, mengine hukutwa yameegeshwa uani usiku. Baadaye maji hupungua, gari huoshwa, huanikwa, hupuliziwa manukato, na baada ya miezi kadhaa huuzwa mbali na hapa, au huuzwa hapa hapa kwa mgeni. Wengi wetu tuna bima ya kulipa hasara ya mtu mwingine tu, ambayo haimfidii mwenye gari lililoingia maji. Basi mwenye hasara hutafuta wa kumtwika.

Gari lililozama halifi siku hiyo. Tope laini la Tana huingia katika beringi za magurudumu na ndani ya difu kupitia tundu la kupumulia, likachanganyika na oili likasaga chuma polepole. Maji hubakia chini ya zulia, juu ya viungo vya nyaya, na kutu ya kijani huanza kula shaba. Miezi minane baadaye taa ya dashibodi huwaka bila sababu, vioo havipandi, na gari hukataa kuwaka asubuhi ya soko.

Mambo haya hayahitaji fundi kuyatazama, na akina mama huyaona upesi kuliko sisi, kwani wamezoea kukagua usafi wa pembe. Ivute mikanda ya usalama mpaka mwisho wake; mstari wa tope ulio kwenye sehemu isiyotoka kila siku hauoshwi na mtu. Nyanyua zulia karibu na miguu ya viti, uguse kwa kidole. Tazama skrubu za chini ya usukani na reli za viti kama zina kutu ilhali gari ni jipya juu. Toa gurudumu la akiba uangalie shimo lake. Vuta kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Na manukato yakizidi kiasi ndani ya gari, jiulize yanafunika nini.

Niliwaambia akina mama waniletee bahasha ya mwalimu tuisome pamoja. Risiti zilipangwa vizuri, mwaka baada ya mwaka: oili, chujio, breki, betri. Kisha Disemba 2023, kwa siku moja: beringi nne za magurudumu, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, stata, na kazi ya kukausha na kusafisha nyaya. Gari halihitaji vitu vyote hivyo siku moja kwa uchakavu wa kawaida.

Wakamwendea. Kwa heshima yake nasema hakupinga. Gari lilizingirwa na maji Gamba mwezi wa Novemba, yakaingia mpaka kwenye sakafu, hayakufika dashibodi wala injini haikuwashwa ndani ya maji. Alilipeleka Malindi kwa gari la kuvuta, akalipa yote yaliyo katika risiti. "Hamkuniuliza," akasema. Mama mmoja akamjibu, "Mwalimu, sisi tungejuaje la kuuliza?"

Jibu lake lilikuwa la kifiqhi kuliko alivyojua. Katika sharia muuzaji hangoji kuulizwa. Ukijua kasoro inayopunguza thamani ya kitu, ni wajibu wako kuibainisha, na kuificha ni ghushi, dhambi ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alijitenga na mwenye kuitenda alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini yake. Tena wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema wajibu huo unamhusu hata mtu wa kando aliyejua kasoro. Basi fundi aliyelifungua gari lile, dalali aliyeliona likivutwa, na jirani aliyelishuhudia majini, wote wana la kusema mnunuzi anaposimama mbele yao.

Nao wanaorudisha nyuma mita ya kilomita, mlango wao katika fiqhi ni wa zamani sana. Mtume alikataza kuwafunga chuchu ngamia na mbuzi siku kadhaa kabla ya kuwauza ili mnunuzi aone kiwele kimejaa adhani maziwa ndiyo kawaida yao. Aliyedanganywa hivyo alipewa hiari ya siku tatu, amweke mnyama au amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokama. Orma na Wardei waliomo katika wasomaji wetu hawahitaji kufafanuliwa hila hiyo. Imam Nawawi katika Minhaj ameambatanisha nayo kuyazuia maji ya mfereji au ya kinu kisha kuyaachia wakati wa kuuza, yaonekane mengi. Mita iliyorudishwa ni kiwele kilichofungwa, na sioni tofauti yoyote isipokuwa chombo.

Watu wa yadi hupenda kuandika kwamba gari limeuzwa kama lilivyo, na kwamba muuzaji hahusiki na kasoro yoyote. Wengi hudhani maneno hayo yamefunga kila mlango. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu, sharti hilo humwokoa muuzaji katika jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa kuwa mnyama hula, huugua, na hali yake hugeuka. Gari si mnyama. Na kasoro aliyoijua akaificha haifutwi na sharti hata katika mnyama.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale akina mama lilikuwa hili. Mihuri ya Mombasa haifikii ng'ombe wawili, kwani inasimulia maisha ya gari lililokuwa Japani, nanyi mnanunua lililokuwa Kenya. Bahasha ya mwalimu imeleta habari mbaya, lakini imeleta habari. Gari lilizama, tunajua lini, maji yalifika wapi, nini kilibadilishwa na nani, na baada yake kuna risiti za karibu miaka miwili ambazo hazionyeshi ugonjwa wa nyaya. Gari la Mombasa huenda halijawahi kuona maji, na huenda limeona zaidi. Hakuna wa kutuambia. Wakampeleka fundi mwingine, asiyemjua mwalimu, akafungua difu na kunyanyua mazulia mbele yao. Kisha wakaijadili bei upya, na mwalimu akateremka. Jina la gari walishalitafuta katika mtandao wa NTSA kupitia eCitizen, kwa ada ndogo, wakahakikisha kwamba mmiliki ni yeye na kwamba hamna benki inayolidai.

Katika karatasi ya mauzo waliandika kilomita za siku hiyo, na kwamba mnunuzi amejulishwa habari ya maji ya Novemba 2023. Mstari huo unawalinda wote wawili: yeye asidaiwe kwa lile alilolisema, nao wadai likitokea ambalo hakulisema. Wakaweka pia hiari ya siku tatu, ambao ndio mwisho wa hiari ya sharti katika madhehebu yetu, wakazitumia siku hizo kupakia mzigo kamili hadi Malindi na kurudi, kwa kuwa gari tupu huficha mengi.

Limebaki jambo moja ambalo wanunuzi hupotezea haki zao bila kujua. Mwenye kugundua kasoro ya zamani aliyofichwa ana haki ya kurudisha, lakini haki hiyo ni ya papo hapo. Akiijua kasoro kisha akaendelea kulitumia gari wiki mbili, akilalamika njiani huku anapokea nauli, amehesabiwa ameridhika. Alitie pembeni siku ile ile, asilipakie hata gunia moja, amwite fundi aandike alichokiona na tarehe, na ampigie muuzaji simu mbele ya mashahidi wawili.